Marufuku ya kuvuta sigara ndani: wenye pumu tunapona wapi hasa, na kwa nini "chumba cha wavutaji" hakitusaidii

Wakuu habari za muda huu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aweke alama arudi jioni.

Kila mada ya kukataza sigara maeneo ya umma ikiletwa humu watu wanagawanyika, huku wa uhuru wa mtu, kule wa sigara ni dhambi, wanarushiana maneno kurasa tano mpaka mods wanafunga uzi, na sisi wenye pumu ambao moshi wenyewe unatulaza hospitali hakuna anayetuuliza. Mimi nina pumu tangu mtoto, na nimefanya uhudumu kwenye baa na lounge hapa Dar miaka kadhaa, kwahiyo hili jambo nimelijua kwa kifua changu kwanza ndo nikaja kulisoma.

Ninachotaka kusema ni kimoja. Marufuku inayomsaidia mwenye pumu ni ile inayoutoa moshi ndani ya jengo wote, sio inayoutengea kona. Sheria ya kona inamlinda mteja anayeweza kuhama meza. Mhudumu hawezi kuhama, na mtoto aliyeshikwa mkono na baba yake hawezi kuhama.

Tuanze na Uskoti maana ndo sehemu waliyofuatilia hili vizuri. Wao walikataza kuvuta sigara ndani ya sehemu zote za umma na za kazi, baa zikiwemo, tarehe 26 Machi 2006. Ireland walishatangulia mwezi Machi 2004 wakawa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo kwa nchi nzima. Sasa watafiti wa Uskoti wakachukua kumbukumbu za hospitali kuanzia mwaka 2000 mpaka 2009, wakaangalia watoto wa chini ya miaka 15 wanaolazwa kwa pumu. Kabla ya sheria idadi ilikuwa inapanda, wastani wa asilimia 5.2 kila mwaka. Baada ya sheria ikageuka ikaanza kushuka, asilimia 18.2 kwa mwaka ukilinganisha na pale ilipokuwa siku sheria inaanza. Ilitoka mwaka 2010 kwenye jarida kubwa la madaktari la Marekani.

Hapo mtu atasema labda ni dawa tu ziliboreshwa. Ni swali la haki. Ila England nao sheria yao ilianza tarehe 1 Julai 2007, mwaka mmoja na ushee baadae, na kule nako watoto kulazwa kwa pumu kulishuka asilimia 12.3 mwaka wa kwanza tu, na kwa miaka mitatu ya kwanza wakahesabu vitanda zaidi ya 6,800 ambavyo vingelaliwa na mtoto wa pumu na havikulaliwa. Mwaka 2014 wengine wakakusanya tafiti za Ulaya na Marekani Kaskazini kwa pamoja, wakapata kitu kama asilimia 10 ya watoto wa pumu kupungua hospitalini baada ya sheria za aina hii, na watoto njiti nao wakapungua karibu kiasi hicho hicho. Huko kote dawa ziboreshwe kwa kufuata tarehe ya sheria ya kila nchi? Mimi naona ngumu.

Lakini kilichonishika mimi zaidi sio watoto, ni wahudumu wa baa. Kabla sheria haijaanza Uskoti kuna watafiti walienda kwenye baa za maeneo ya Dundee, wakawapima wafanyakazi vifua, damu na pumzi, wote hawavuti sigara wenyewe. Kati yao asilimia 79 walikuwa na dalili, kikohozi, kubanwa, macho kuwasha, koo kukwaruza. Miezi miwili baada ya sheria wakawapima walewale, dalili zimebaki kwa asilimia 47. Miezi miwili tu wakuu! Na wale ambao walikuwa na pumu, uvimbe ndani ya njia za hewa ulipungua na wenyewe wakasema wanaishi vizuri kuliko mwanzo, na kilichobadilika ni hewa ya kazini.

Niwaeleze kwa wasioijua pumu inavyofanya kazi, maana wengi wanadhani ni kikohozi cha baridi. Njia za hewa za mwenye pumu zimevimba kwa ndani hata siku ambayo yuko poa anacheka na wewe. Moshi ukiingia, misuli inayozunguka hizo njia inajikaza, makohozi yanaongezeka, tundu linakuwa dogo, na shida kubwa iko kwenye kutoa pumzi, kuvuta unavuta ila kutoa haitoki, ndo hapo unasikia kifua kinalia mluzi. Inhela ya bluu inalegeza misuli kwa muda. Ile ya kahawia ndo inatuliza uvimbe, na hiyo ndo wengi hatutumii kwasababu haileti nafuu papo hapo mtu anaona kama haifanyi kazi. Sasa ukiwa unashinda kwenye moshi unakuwa unapuliza bluu, unarudi kwenye moshi, unapuliza tena, na uvimbe wenyewe haujaguswa. Mtoto ndo mbaya zaidi, njia zake ni nyembamba na anapumua haraka kuliko mtu mzima, kwahiyo kwenye chumba kimoja, ukilinganisha na uzito wa mwili, yeye anakula moshi mwingi kuliko baba yake.

Nirudi kwenye hiyo kona. Sehemu moja niliyofanya kazi, siitaji, walikuwa na chumba cha wavutaji, kioo mpaka chini, AC yake, ndani makochi. Kwa nje kinapendeza na ukimuuliza bosi atakwambia tumefuata sheria. Mteja wa kule ndani anaagiza bia, nani anaipeleka? Anaagiza kuku, nani anapeleka, nani anarudi na bili, nani anabadilisha kisahani cha majivu, maana tulifundishwa vikifika vipisi viwili unabadilisha, unafunika kichafu kwa kisafi unaviinua pamoja ili majivu yasiruke mezani. Ile kufunika unainama, uso uko juu ya kisahani. Mteja anakaa masaa mawili anaondoka. Mimi naingia kumi jioni natoka saa nane usiku, na ule mlango wa kioo kila ukifunguka moshi unatoka na mimi unanifata mpaka kaunta. Inhela ilikuwa inakaa mfuko wa aproni pamoja na kalamu na kifungulio. Nilipoomba nipangwe nje bustanini nikaambiwa kama kazi imekushinda kuna wenzio wanaitafuta.

Na msiniambie feni au AC. AC ya kawaida inazungusha hewa ileile, inaipoza tu. Ripoti ya mganga mkuu wa serikali ya Marekani ya mwaka 2006 ilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha moshi wa sigara wa mtu mwingine ambacho ni salama, na kwamba kutenganisha wavutaji, kusafisha hewa na kuweka vipitisha hewa haviondoi hatari kwenye jengo, kinachoondoa ni kutovuta ndani basi.

Kwetu Tanzania tuna sheria ya bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003, na mwaka 2007 tuliridhia ule mkataba wa WHO wa kudhibiti tumbaku, ambao kifungu chake cha 8 kinazitaka nchi zilinde watu na moshi sehemu za kazi za ndani, usafiri wa umma na sehemu za umma. Ila sheria yetu inakataza halafu inaruhusu kutenga sehemu ya wavutaji. Hapo ndo ile kona ilipozaliwa, na mimi ndo mtu niliyekuwa nahudumia kona.

Karibuni kwa hoja. Matusi kwa wavutaji sitaki kwenye huu uzi, baba yangu mdogo alikuwa mvutaji na nilimpenda.

Mdau wa Mbeya:
Dada umeandika vizuri ila jiulize, ukiwakataza baa wataenda wapi? Watavutia nyumbani kwa watoto wao. Si ndo mnawaua hao watoto mnaowatetea? Bora baa kwa watu wazima wenzao.

Mleta uzi:
Kaka hiyo hoja ni nzuri na ndo ilikuwa hofu kubwa hata kule Uskoti kabla ya sheria kupita. Wakaipima. Walichukua watoto wa darasa la mwisho la msingi, kama miaka 11 hivi, wakapima kwenye mate yao kile kinachobaki mwilini ukivuta moshi wa mwenzio, wakafanya kabla ya sheria na mwaka mmoja baadae. Wastani ulishuka kwa asilimia 39. Kama baba zao wangehamishia moshi sebuleni ingepanda.

Na angalia tena zile data za kulazwa, mtoto wa miaka minne haendi baa wala hafanyi kazi ofisini, sasa alinufaika vipi? Mimi navyoelewa ni kwamba mtu akishazoea kutoka nje kuvuta kazini, baa, kituoni, akifika nyumbani anaona aibu kuwashia kitandani. Kwahiyo ile sheria ya baa inaingia mpaka nyumbani bila polisi kugonga mlango.

Mdau wa Nairobi:
Huku kwetu sheria iko tangu 2007, ikaanza kufanya kazi 2008, ukipatikana unavuta mahali haifai ni faini mpaka elfu hamsini ama jela miezi sita ama zote. Town walijenga zoni za kuvutia, na kanjo (askari wa jiji) walikuwa wanashika watu vibaya sana. CBD, yaani katikati ya jiji, unaona kweli mtu havuti akitembea kama kitambo. Lakini ingia klabu usiku uone, moshi mpaka huoni mbele yako. Kanjo hawaingii huko. Kwa hivyo mimi naona tulilinda barabara ambako kuna upepo tukaacha ndani ambako hakuna.

Mleta uzi:
Asante sana kwa hii, umesema kwa sentensi moja nilichokuwa nazunguka nacho. Barabarani moshi unapeperuka, na ndo rahisi kumkamata mtu sababu anaonekana. Ndani ya klabu usiku ndo moshi umefungiwa pamoja na wafanyakazi na hakuna mkaguzi anayekuja saa saba. Uganda kwenye sheria yao ya 2015 wameenda mbali, mvutaji anatakiwa awe mita 50 kutoka sehemu ya umma na sehemu ya kazi, sehemu za wavutaji ndani ya majengo hakuna, na shisha wakaipiga marufuku kabisa. Kwenye maandishi ndo sheria ninayoitaka. Utekelezaji usiku sijui kama umewazidi, wa Kampala watatuambia.

Mdau wa Tabora:
Mimi nimesomeshwa na tumbaku ya Urambo, baba yangu ana bani (banda la kukaushia tumbaku) mpaka leo. Kila nikisoma nyuzi kama hizi naona mnataka kutuua njaa wana Tabora.

Mleta uzi:
Hapana mkuu, na naomba unielewe. Sehemu kubwa ya tumbaku ya Tabora, Chunya na kwingine inasafirishwa nje, na mimi siongelei shamba wala bani. Naongelea mtu atoke hatua kumi, avute, arudi amalizie bia yake. Atavuta sigara yake hiyohiyo. Ile ya mkulima kugandamizwa kwenye kupangiwa daraja la ubora wa tumbaku na madeni ya pembejeo ni mada nzito yenye haki yake, ukiileta nitakuja kuchangia na nitakuwa upande wako.

Mdau wa Tandika:
Kwa hapa bongo moshi wa sigara ni cha mtoto, mkaa jikoni, vumbi, magari mabovu, taka zinachomwa kila jioni mtaani. Mngeanza na hayo.

Mleta uzi:
Kweli tupu, na mimi jioni wakianza kuchoma taka nafunga madirisha nakaa na joto. Mkaa na kuni zinaumiza kinamama na watoto wengi sana hilo halina ubishi. Ila angalia gharama. Kumtoa mama kwenye mkaa unahitaji jiko la gesi, mtungi, hela ya kujaza kila mwezi, ni kazi ya miaka. Kumtoa mvutaji ndani ya ukumbi ni kibandiko ukutani na meneja anayemaanisha. Hiyo ndogo inayowezekana wiki hii kwa nini isubiri ile kubwa? Na kifua kilichokula mkaa mchana ndo kinahitaji zaidi kisile sigara usiku.

Mdau wa Leicester:
Huku Uingereza walishaenda hadi kwenye magari, England tangu tarehe 1 Oktoba 2015 huruhusiwi kuvuta ndani ya gari ukiwa na mtoto wa chini ya miaka 18, hata gari ni lako na dirisha umeshusha. Mwanangu ana pumu, na nikiwa huku sijawahi kuingia mgahawa nikaanza kunusa kwanza. Nikija likizo Dar kitu cha kwanza nafanya ni kunusa.

Mleta uzi:
Dada hiyo ya kunusa kwanza nimeishi nayo. Kila mwenye pumu hapa ana ramani yake kichwani, harusi ipi aende, ukumbi gani una madirisha, basi gani la mkoa dereva anavuta huku kafungua kioo cha upande wake tu na moshi wote unarudi siti za nyuma. Sheria inakataza kwenye usafiri, abiria tunaogopa kumwambia sababu ndo kashika usukani.

Mdau anayevuta:
Mi navuta na nina pumu pia, msishangae tupo wengi. Bluu naimaliza haraka sana siku hizi. Nimesoma sijatukanwa ndo maana naandika.

Mleta uzi:
Karibu sana kaka, na asante kwa kusema. Jambo moja ulijue maana clinic nyingi hawana muda wa kumwambia mtu, ile dawa ya kahawia ya kutuliza uvimbe inafanya kazi kidogo kwa mtu anayevuta kuliko asiyevuta. Kwahiyo unaweza ukawa unatumia sawasawa kabisa na bado hupati nafuu, ukadhani dawa feki. Na bluu kuisha haraka ni dalili kwamba pumu imekushika, usiongeze kupuliza tu, rudi kwa daktari mwambie kwa wazi kwamba unavuta na unataka kuacha, usimfiche. Kuna wavutaji wengi huko nje waliosema sheria ya ndani iliwasaidia kupunguza, kwasababu kila sigara inakuwa safari ya kutoka na mvua na baridi, zile za kuwasha tu mezani bila kufikiria zinakufa zenyewe.

Mdau wa biashara:
Nina baa Kimara. Nikikataza peke yangu wateja wanahamia jirani. Ndo ukweli.

Mleta uzi:
Bosi nakuelewa na ndo maana nasema iwe sheria kwa wote, sio hiari ya mwenye baa mwenye roho nzuri. Wewe peke yako ukikataza unaadhibiwa kwa wema wako. Wakikatazwa wote mteja hana pa kuhamia, na baa nyingi za kwetu bahati nzuri zina bustani, miti, viti vya nje, mvutaji hatanyanyasika. Wenzetu wa Ireland wana baridi na mvua na bado wanatoka nje. Wakati huo sheria haijaja fanya hili moja, usimpange mhudumu mwenye pumu ndani, na waulize, maana hawatakwambia wenyewe, wanaogopa kupoteza kazi kama nilivyoogopa mimi.

Mdau wa Manzese:
Dada mimi sio baa wala ofisi. Nimepanga chumba, tuko vyumba sita korido moja, jirani anavuta mlangoni kwake moshi wote unaingia kwetu, mtoto wangu ana miaka mitatu keshawekewa nebulaiza mara nyingi. Hiyo sheria inanifikia?

Mleta uzi:
Pole sana mama. Nikwambie ukweli, ninavyojua mimi hapo sheria haikufikii, nyumba ya mtu ni nyumba ya mtu. Kinachobaki ni jirani mwenyewe na mwenye nyumba. Usiende siku mtoto kabanwa, utaenda na hasira. Nenda siku ametulia, nenda naye, na ile karatasi ya hospitali na inhela yake mkononi, mwambie baba fulani shikamoo, huyu mwanao moshi unamlaza, naomba uvutie kule getini. Usimwambie aache sigara, mwombe asogee tu. Wengi wakiona ile inhela ndogo ya mtoto wanasogea. Akikataa peleka kwa mwenye nyumba kama jambo la wapangaji wote, mkiwa wawili watatu, sio wewe peke yako, na kama kuna mama mwingine mwenye kichanga humo mchukue.

Mtoto wa miaka mitatu hawezi kuvuta inhela vizuri kwa mdomo, dawa inaishia kwenye ulimi. Uliza clinic kama wana kile kichupa cha kupitishia dawa chenye barakoa ya usoni. Kikikosekana, Cape Town walishapima zamani, mwaka 1999, chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita ikafanya kazi karibu sawa na vile vya dukani, tundu linatobolewa kwenye kitako kwa saizi ya mdomo wa inhela ikae bila kupitisha hewa, mtoto anapumua kwenye mdomo wa chupa. Mwombe nesi akutengenezee mbele yako akuonyeshe pumzi ngapi. Na mambo ya jirani yakikwama njoo PM, nipo Sinza, Manzese sio mbali, nitakuja tuongee naye pamoja.